Wakwe wa Khan

Yapata mwaka 1202, miaka michache kabla ya kutawazwa kuwa Genghis Khan, Temujin alipeleka posa kwa Wakereit. Alimtaka Cha'ur Beki, dada yake Senggum, awe mke wa mwanawe wa kwanza, Jochi, na yeye kwa upande wake akaahidi kumwoza binti yake Qojin kwa mtoto wa Senggum. Ong Khan, mtawala wa Wakereit na baba yake Senggum, alikuwa mshirika wa Temujin wa miaka mingi, na alikwisha kutamka kwamba angemhesabu kama mwanawe wa pili. Aliyekataa ni Senggum. Jibu lake limehifadhiwa katika Historia ya Siri ya Wamongolia, kitabu cha karne ya 13: binti wa kwetu akienda kwao atasimama karibu na mlango akitazama ndani, bali binti wa kwao akija kwetu ataketi mahali pa heshima, nyuma ya hema, akiutazama mlango. Wasomaji wengi hulichukua jibu hilo kuwa kiburi cha mtoto wa mfalme. Mimi naona Senggum alikuwa akipiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko ya baba yake. Mtu aliyekwisha kuitwa mwana wa pili wa Ong Khan, akiwa pia mkwe wa nyumba hiyo kwa njia mbili, angekuwa na madai juu ya kiti cha Wakereit siku mzee atakapofumba macho. Senggum aliona kwamba kwenye posa ile palikuwa na mgombea.

Yaliyofuata yanajulikana. Majira ya kuchipua ya 1203 Wakereit walibadili kauli, wakatuma ujumbe kwamba posa imekubaliwa na kwamba Temujin aje kwenye karamu ya uchumba. Alishika njia na watu wachache, akalala kwa mzee Munglik, na mzee akamuuliza inakuwaje watu waliomdharau juzi wamwite kwa bashasha leo. Akageuza. Usiku wachungaji wawili, Badai na Kishiliq, walikuja mbio kumwambia kwamba Wakereit wanajiandaa kumvamia. Ilipofika vuli ya mwaka huohuo Wakereit walikuwa wamevunjwa, Ong Khan na Senggum wamekimbia, na ile ndoa iliyokataliwa ikafungwa kwa masharti ya mshindi. Jakha Gambu, mdogo wake Ong Khan, alikuwa na mabinti. Genghis alimwoa Ibaqa, Jochi akapewa Begtutmish, na mwana wa mwisho, Tolui, akapewa Sorghaghtani. Kwa heshima ya mabinti hao baba yao aliachwa na watu wake bila kuporwa. Wakereit walikufa kama dola, lakini kipande chao kiliingia mzimamzima ndani ya nyumba iliyowashinda.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Ugomvi wa urithi uliowatafuna wajukuu wa Genghis kwa kawaida hupewa sababu mbili: kwamba Wamongolia hawakuwa na kanuni ya kurithishana, na kwamba wajane wa makhan walikuwa watu wa fitina. Sababu ya kwanza ina ukweli nusu, na ya pili ni porojo za waandishi wa kiume. Ugomvi ulitoka kwenye ndoa zenyewe, zilezile zilizoijenga dola. Ndoa ilipunguza idadi ya watu walioweza kugombea kiti, kisha ikawapa wachache waliobaki watu, mifugo na wakwe wa kukigombea. Kila posa iliyoleta kabila jipya chini ya bendera ya Genghis ilikuwa pia inaiandaa nyumba moja kupambana na nyingine kizazi kinachofuata.

Ili kulielewa hili lazima tujue mke alikuja na nini. Miaka michache baada ya kumwoa Ibaqa, Genghis alimtoa na kumwoza Jurchedei, jemadari aliyepigana vikali kuliko wote katika vita na Wakereit. Katika kuagana hakumdai vito wala farasi. Alimkumbusha kwamba baba yake alimleta na watumishi 200 na wapishi wawili, akamwomba amwachie nusu ya watu hao na mpishi mmoja, Ashiq Temur, awe kumbukumbu. Mtu ambaye mwaka 1215 angeuteka mji mkuu wa dola ya Jin anamwomba mpishi mke anayemwacha! Lakini ndivyo mila ilivyotaka. Watu wale walikuwa wa Ibaqa, na aliondoka nao, cheo chake hakikushuka. William wa Rubruck, padri Mfransisko aliyesafiri huko kati ya 1253 na 1255, aliandika kwamba Batu, mwana wa Jochi, alikuwa na wake 26, kila mmoja na hema lake kubwa na mikokoteni ipatayo 200. Tuhesabu vizuri: kambi ya mke mmoja ilikuwa mji unaotembea, wenye ng'ombe wa kukokota, wachungaji, mafundi, askari na karani. Mume alizunguka kati ya kambi hizo. Alipokufa, kambi haikufa. Ilibaki mikononi mwa mjane mpaka mtoto akue, na kambi ya baba na mama ilimwangukia kitinda mimba.

Mila ileile iliruhusu mwana kuwarithi wajane wa baba yake isipokuwa mama aliyemzaa, na ndugu kumrithi mke wa ndugu yake. Rubruck anaeleza imani iliyokuwa nyuma yake, kwamba mjane atarudi kwa mume wake wa kwanza ahera, kwa hiyo asitoke nje ya nyumba. Kisiasa maana yake ilikuwa nyepesi: aliyemchukua mjane alichukua kambi. Ndiyo sababu Ogedei, mwana wa Genghis aliyemrithi kiti, baada ya mdogo wake Tolui kufa mwaka 1232, alitaka Sorghaghtani aolewe na mwanawe Guyuk. Kwa ndoa hiyo moja nyumba yenye askari wengi kuliko zote ingemezwa na nyumba ya Ogedei bila mshale kurushwa. Sorghaghtani alijibu kwa adabu nyingi kwamba amri ya Khan haipingwi, ila yeye nia yake ni kuwalea wanawe mpaka wajitegemee. Hakuolewa tena. Kama kuna neno moja lililogeuza historia ya Asia katika karne ile, ni hilo "hapana" lililofunikwa kwa heshima.

Turudi kwenye kazi ya kwanza ya ndoa, ya kupunguza wagombea. Genghis alikuwa na wake wengi: Watatari wawili ndugu, Yisui na Yisugen, Mmerkit Qulan, na wengine kutoka kila ukoo alioushinda. Mwana wa Qulan, Kolgen, alipigana na kufia katika vita vya Urusi, lakini hakuna aliyewahi kumtaja kwa ajili ya kiti. Waliotajwa ni wanne tu: Jochi, Chagatai, Ogedei na Tolui, wote wana wa Borte, mke mkubwa, binti wa Waonggirat aliyeposwa Temujin akiwa na umri wa miaka tisa. Kanuni ilikuwepo, basi, nayo ilipita kwa mama. Tatizo ni kwamba ndoa ya Borte yenyewe ilikuwa na doa. Hoelun, mama yake Temujin, aliporwa na Yesugei, aliyekuja kuwa baba yake Temujin, kutoka kwa bwana harusi Mmerkit, na baada ya miaka mingi Wamerkit walikuja kulipiza kwa kumteka Borte. Miezi ilipita kabla hajakombolewa. Mtoto aliyezaliwa baada ya hapo ndiye Jochi.

Doa hilo lilitajwa hadharani kabla ya jeshi kuondoka kwenda Khwarazm mwaka 1219. Aliyelianzisha ni Yisui. Alimwambia mumewe kwamba kila kilichozaliwa hufa, basi aseme ni nani kati ya wana wake wanne atakayeshika nafasi yake. Naona si bure swali hilo lilitoka kwa Mtatari ambaye hakuwa na mwana katika kinyang'anyiro, maana mwingine angeonekana anajipigia debe. Genghis alimpa Jochi nafasi ya kusema kwanza. Kabla hajafungua kinywa, Chagatai alimwita uzao wa Wamerkit. Jochi akamkamata ukosi, na majemadari Bo'orchu na Muqali ikabidi wawashike. Mzee Koke Chos akamkemea Chagatai: mama yenu hakutoroka kwa mapenzi, alitekwa wakati dunia nzima ilikuwa vitani, na nyote mmetoka tumbo moja. Mwishowe wote wawili walikubali kumwachia Ogedei, mwana wa tatu. Watu husimulia kisa hiki kama ugomvi wa ndugu uliopata suluhu. Matokeo yake yalikuwa makubwa zaidi. Kuanzia hapo nyumba ya Jochi ilitoka kwenye orodha ya wanaogombea kiti kikuu, ikabaki na malisho ya magharibi, jeshi, na kinyongo. Nyumba yenye nguvu ambayo haiwezi kutawala huwa na jambo moja la kufanya, nalo ni kuamua nani atawale.

Wakati huohuo mabinti wa Genghis walikuwa wanatoka nje. Alaqai Beki aliozwa kwa Waongut, waliolinda mpaka wa China kaskazini, na akawatawala. Al Altun alikwenda kwa Wauighur, ambao mtawala wao alijisalimisha mapema na akahesabiwa kama mwana wa tano. Checheyigen alikwenda kwa Waoirat wa misituni. Kuna waandishi wa siku hizi wanaodai kwamba Genghis aliwagawia mabinti zake dola na kuwapeleka waume zao vitani ili wafe. Ni hadithi tamu, lakini ushahidi haufiki huko. Unachoonyesha ni kwamba mkwe wa Khan aliitwa kwa cheo maalumu, kuregen, akabaki na jeshi la kabila lake bila kutawanywa kama walivyotawanywa Watatari na Wamerkit, na binti zake wakawa wachumba wa wajukuu wa Genghis. Nyumba ya Checheyigen ilitoa wake kwa Ariq Boke na Hulagu, wana wa Tolui, kwa mjukuu wa Chagatai na kwa mwana wa Batu. Waonggirat, watu wa Borte, nao walipewa ahadi ya Ogedei kwamba kizazi kwa kizazi binti zao watakuwa wake wakuu na wana wao wataoa mabinti wa Khan. Kwa hiyo kufikia miaka ya 1240 kila mjukuu aliyeota kiti alikuwa na kundi la wakwe nyuma yake, na makundi hayakuwa sawa.

Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua miaka kumi kati ya kifo cha Ogedei, Desemba 1241, na kurultai, yaani baraza la kumtawaza khan, ya 1251 iliyomtawaza Mongke, mwana wa Sorghaghtani. Ogedei alimtaka mjukuu wake Shiremun amrithi. Mjane wake Toregene alimtaka mwanawe Guyuk, akashika madaraka kwa karibu miaka mitano mpaka akampata. Aliwafukuza mawaziri wa mumewe na kuwaweka watu wake: mkusanya kodi Abd al-Rahman, na Fatima, mateka kutoka Tus aliyekuwa msiri wake. Sorghaghtani, upande wa pili, alikaa kimya na kugawa zawadi. Ukiyatazama matendo, wajane hao wawili walifanya mambo yaleyale: kushika kambi, kununua urafiki, kusogeza mwana. Toregene alishinda mwaka 1246. Lakini Guyuk alitawala chini ya miaka miwili, na moja ya mambo aliyoyafanya ni kumwua Fatima kwa tuhuma za uchawi, kifo cha kutisha ambacho sioni haja ya kukisimulia. Baada ya hapo nyumba yote ikaporomoka. Kwa nini?

Jibu langu ni kwamba Toregene hakuwa na ukweni wa kuegemea. Alikuwa mke wa Mmerkit kabla ya kutekwa na kupewa Ogedei, na Wamerkit walikwisha kuvunjwavunjwa. Nguvu yake ilitegemea watu wa kuajiriwa, na mwajiriwa wa aina hiyo huanguka siku bwana mpya anapoingia. Sorghaghtani alikuwa na dada zake katika nyumba nyingine, akawa na Wakereit waliotapakaa jeshini na katika uandishi wa dola. Bulghai, waziri mkuu wa Mongke, alikuwa Mkereit. Juu ya hayo alijua kutengeneza deni. Ogedei, bila kuwashauri wakubwa wa ukoo, alichukua askari Wasuldus waliokuwa mali ya nyumba ya Tolui, maelfu yao, akampa mwanawe Koten. Majemadari wa Tolui walikuja juu. Sorghaghtani aliwatuliza: sisi na askari sote ni wa Khan, yeye anajua anachofanya. Wakati huo ilionekana ni unyonge wa mjane. Ilipofika 1251 wana wa Ogedei walikuwa wanapanga kumzuia Mongke, lakini nyumba ya Koten ilisimama upande wa Mongke, na wakati wenzao walipokonywa kila kitu wao waliachiwa mali yao. Askari wale waliolipiwa kwa ukimya walirudi na faida.

Deni la pili lilikuwa kwa Batu. Mwaka 1248 Guyuk aliondoka kuelekea magharibi na jeshi, akidai anakwenda kutafuta hali ya hewa nzuri kwa afya yake. Sorghaghtani alimtumia Batu habari za siri ajiweke tayari. Guyuk akafa njiani kabla hawajakutana. Batu, mkuu wa nyumba ile iliyoondolewa kwenye orodha kwa sababu ya miezi ambayo Borte alikaa kwa Wamerkit, hakuweza kuwa Khan Mkuu, ila kauli yake ilikuwa nzito kuliko ya yeyote. Akamchagua Mongke. Kurultai ya kwanza ilifanyika kwake magharibi, nyumba za Ogedei na Chagatai zikalalamika kwamba si mahali pake, basi ikarudiwa Mongolia chini ya ulinzi wa askari wa Batu. Mwanahistoria Juvayni anasimulia kwamba mlezi wa ndege wa kuwindia aliyekuwa akimtafuta ngamia wake aliyepotea aliangukia mikokoteni iliyojaa silaha, na ndivyo njama ya wajukuu wa Ogedei ilivyofichuka. Huenda ni kweli. Ni simulizi iliyomfaa mshindi mno. Waliohukumiwa kifo walikuwa wengi, akiwemo Oghul Qaimish, mjane wa Guyuk. Sorghaghtani alifariki mwaka 1252, akiwa amemwona mwana wa binti wa Wakereit juu ya kiti kikuu cha nyumba ambayo Senggum aliihofia.

Atakayepinga atasema mambo mawili, na yote mawili yana uzito. La kwanza: haya tumesimuliwa na nani? Juvayni na mwanahistoria mwenzake Rashid al-Din walikula mkate wa nyumba ya Hulagu, mwana wa Sorghaghtani. Lazima mama wa mabwana wao awe na busara na Toregene awe mwovu. Nakubali, na ndiyo maana sijali sifa wanazogawa. Lakini upendeleo wao uko kwenye lawama na pongezi. Kuhusu namna mambo yalivyokwenda, yaani kambi ya mjane, wakwe, zawadi, posa iliyokataliwa, wanawaeleza maadui wao na mabwana wao kwa namna moja. Rubruck, ambaye hakuwa na bwana huko, anaeleza kambi hizohizo. La pili: je, si askari tu walioamua? Rashid al-Din anaandika kwamba kati ya askari 129,000 walioachwa na Genghis, 101,000 walimwangukia Tolui kama kitinda mimba. Kwa wingi huo, ndoa za nini? Ila wingi huo ulikuwepo pia mwaka 1229, Ogedei alipotawazwa, na mwaka 1246, Guyuk alipotawazwa, na nyumba ya Tolui haikupata kitu. Tena wangeweza kupotea wote kwa ndoa moja ya mjane. Hesabu ya askari inatuonyesha kilichokuwa kinagombewa. Haituonyeshi kwa nini kilibaki mahali kilipobaki.

Pingamizi kali zaidi linatoka upande mwingine. Mongke alipofariki mwaka 1259, waliopigana ni Kublai na Ariq Boke, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, wote wana wa Sorghaghtani. Kama mama ndiye chanzo cha mgawanyiko, vita hii imetoka wapi? Wengi huiona kuwa vita ya mielekeo, mmoja akiupenda ustaarabu wa China, mwingine akishikilia maisha ya mahemani. Kuna ukweli humo, lakini tazama nani alikuwa na nani. Ariq Boke, mdogo, alibaki Mongolia kwenye kambi ya wazazi, na mke wake mkuu alikuwa Mwoirat. Waoirat wakasimama naye. Mke wa Kublai alikuwa Chabi, Mwonggirat, na Waonggirat wakasimama na Kublai. Kublai alikuwa mbali kusini, ng'ambo ya Yangtze, akiuzingira mji wa Ezhou, na ni wajumbe wa Chabi waliomfikia na habari kwamba Ariq Boke anakusanya askari. Aliacha mzingiro, akarudi, akajitawaza mwaka 1260 katika eneo lake mwenyewe. Vita iliendelea mpaka 1264. Waliotoka tumbo moja walikuwa wameoa pembe mbili tofauti za dola, na dola ikapasuka katika mshono huo. Kwa hiyo nasema ukweni, wala sisemi tumbo. Mama aliamua nani anaruhusiwa kugombea. Mke aliamua anagombea na nani.

Orghina anaonyesha jambo hilo kwa ukaribu zaidi. Alikuwa mjukuu wa Genghis, binti wa Checheyigen, mke wa Qara Hulagu wa nyumba ya Chagatai. Mume alipokufa aliishika nchi ya Chagatai kwa karibu miaka kumi kwa niaba ya mwanawe mdogo, Mubarak Shah. Vita ya 1260 ilipoanza aliegemea kwa Ariq Boke. Lakini Ariq Boke, akihitaji nafaka na farasi, alimtuma Alghu kuishika nchi hiyo. Alghu alipoishika akamsaliti aliyemtuma na kumwoa Orghina ili kiti chake kipate uhalali. Alghu alipokufa, Orghina alimtawaza Mubarak Shah mwaka 1266, khan wa kwanza Mwislamu wa nyumba hiyo. Ndani ya miaka kama kumi na tano mwanamke mmoja alikuwa mtawala, mhanga, tuzo ya ndoa na mwenye kutawaza. Historia zinazohesabu makhan peke yao humruka, kisha hushangaa kwa nini nchi ile ilibadilika mikono bila mpango.

Marehemu Joseph Fletcher, mwanahistoria wa Marekani, alitoa maelezo mengine yenye nguvu: kwamba katika dola za nyika kiti ni cha yule anayestahili kuliko wenzake, na anayestahili hujulikana kwa kushinda, kwa hiyo vita ya urithi haikuwa kasoro. Ilikuwa ndiyo utaratibu wenyewe. Nakubaliana naye kwamba shindano lilitarajiwa. Ninachoongeza ni kwamba washindani hawakufika uwanjani mikono mitupu, na walichoshika walikipata ukweni.

Hata hivyo hoja hii ina mpaka. Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, miaka michache baadaye alikuwa katika kambi ya Ozbek, khan wa nyumba ya Jochi, na anaeleza baraza la Ijumaa ndani ya hema la dhahabu. Khan alisimama kwa kila mke aliyeingia na kumshika mkono mpaka aketi. Kwa Taidula, mke mkubwa, alikwenda hadi mlangoni, akamsalimu, akamwongoza, na hakuketi mpaka yeye ameketi. Wana wawili, Tinibeg na Janibeg, walisimama kulia na kushoto chini ya kiti, na Ibn Battuta anasema wote ni wa Taidula. Ozbek alikufa mwaka 1341. Tinibeg alitawala muda mfupi tu kabla Janibeg hajamwua. Hapa sioni Waoirat wala Waonggirat wa kunisaidia. Inaonekana mama alichagua kati ya wanawe, na ukoo wa wakwe haukuwa tena na uzito wa zamani kwa sababu wakuu wa jeshi walikuwa wameanza kusimama kwa nguvu zao wenyewe. Taidula aliendelea kuwapandisha na kuwaunga mkono makhan mpaka naye akauawa, na nyumba ya Batu ikaishia katika mauaji hayo.

Wakuu hao wa jeshi walijua thamani ya ndoa kuliko makhan walioigeuza desturi tu. Timur wa Samarkand hakuwa mzao wa Genghis, kwa hiyo hakuthubutu kujiita khan. Mwaka 1370 alimwoa Saray Mulk Khanum, binti wa khan wa Chagatai, akachukua cheo cha gurkan, yaani mkwe, neno lilelile la kuregen, akamweka mzao wa Genghis mbele kama kivuli na kutawala kwa jina lake. Mashariki ya Bahari ya Kaspi, huko Khwarazm, utaratibu huo uliishi zaidi. Katika karne ya 18 ukoo wa Qungrat, wenye jina la watu wa Borte, ulishika madaraka yote ya Khiva huku ukiwaalika wazao wa Genghis waje kukalia kiti na kuwafukuza walipochosha. Mwaka 1804 Eltuzar wa ukoo huo aliacha kualika mtu, akajitangaza khan yeye mwenyewe, na wazao wa nyumba yake wakatawala Khiva mpaka 1920.